Eusébio Nankuta na Seli Zake Zilizobaki Maputo

Marehemu Eusébio Paulino Nankuta alizaliwa Mueda tarehe 14 Mei 1968, mtoto wa tatu wa Paulino na Suzete. Alianza shule hapa Palma, wazazi walipohamia pwani, akaendelea Pemba, kisha Kuba. Alirudi na shahada ya biolojia na tabia ya kubishana.

Kuanzia 1994 alifanya kazi kwenye maabara mjini Maputo, akiotesha chupani seli zenye afya na seli za uvimbe. Alizitia rangi inayoshika vinasaba, akazipitisha moja moja mbele ya mwanga. Iliyong'aa maradufu ilikuwa imeshanakili vinasaba vyake vyote, inangoja kugawanyika. Hivyo alijua ngapi zinajiandaa, ngapi zinanakili, ngapi zimekwama. Nyumbani, mtoto akikawia bafuni, marehemu aligonga mlango: "Uko hatua gani?"

Alifunga ndoa na Fernanda tarehe 6 Julai 1996. Katikati ya karamu alitoweka, maana seli zilitakiwa kubadilishiwa chakula, nazo hazijui harusi wala Jumamosi. Bibi harusi alimfuata maabara na shela yake, kanuna kwelikweli, akaambiwa kwanza anawe mikono. Waliporudi, wali umekwisha.

Mwaka 2024 alipatikana na saratani ya ini. Aliomba kipande cha uvimbe wake kioteshwe, wanafunzi wake wa maabara wakijaribie dawa. "Adui yangu nampima mwenyewe," alisema, akapima mpaka mikono ilipokataa. Ndipo aliporudi nyumbani, Palma, akafariki tarehe 9 Februari 2025. Imetuuma sana.

Mazishi nusura yakwame. Mjomba wake, mzee Tomás, ambaye bila neno lake kwetu hachimbiwi mtu kaburi, alisikia kwamba seli zingali zinakua Maputo, akaweka jembe chini.

"Mie mtu nusu simziki."

"Hizo si yeye, mjomba," Fernanda alimjibu. "Ndizo zilizomuua."

"Lo! Muuaji yuko Maputo ananenepa, mwanangu analala shimoni?"

Fernanda alikuwa analia, cheko likamponyoka. "Hanenepi bure, mjomba. Kafungwa chupani, anapigwa dawa kila siku."

"Kila siku?"

"Hata Jumapili."

Mzee akaokota jembe.

Marehemu ameacha mjane, Fernanda. Watoto wawili, Clésio na Nádia. Mjukuu mmoja, Rachida. Na mjomba mmoja, mzee Tomás.

Eusébio wetu na apumzike kwa amani. Mjomba ameagiza iongezwe hapa: zile za chupani zisipumzike.