Bwana Basil Chitanda na Nati za Masikio

Bwana Basil Chitanda, Msimamizi wa karakana yetu ya baiskeli hapa Newala, anastaafu tarehe 30 Juni 1958 baada ya utumishi wa miaka ishirini na minane. Kamati imeniomba niandike mema yake. Nimeyatafuta kwa bidii, na nimepata moja.

Alianza Masasi akiwa tarishi, akapanda cheo kwa mwandiko mzuri na sauti nene. Hapa karakanani, chombo alichokimudu kuliko vyote ni kiti. Akichoka kukaa, alisimama mlangoni na kaptula yake nyeupe, akawaeleza kazi watu waliokuwa wakiifanya.

Miaka minne iliyopita alituletea maendeleo. Gurudumu la baiskeli halina siri: ncha za foku, ule uma unaolishika gurudumu, zina nafasi iliyo wazi kwa chini, ekseli inaingia humo, na nati mbili zinaibana, moja kulia na moja kushoto. Hakuna kingine kinachoizuia isichomoke. Bwana Basil aliamuru kila baiskeli iliyoletwa kwetu tuing'oe nati za spana, tuiwekee za masikio, zile zinazokazwa kwa vidole.

"Mstaarabu hachafui mikono kwa spana," alitutangazia.

Fundi Mahmudu alimwonya kwamba barabara zetu zitazilegeza. Akajibiwa kwamba barabara si kazi ya karakana.

Zikalegea. Mwalimu Edmund aliangushwa njiani, akaingia kanisani damu ikimtoka puani, akasoma somo hivyo hivyo. Kila aliyeanguka aliambiwa hajui kupanda.

Ndipo Bi Dominika, mkunga, alipoitwa Mnyambe kwa Bimdogo, mwanamke aliyekuwa na uchungu tangu juzi yake. Bwana Basil alikuwa na mikorosho yake huko, wakafuatana. Njiani baiskeli ya mkunga ikagonga mzizi, gurudumu la mbele likachomoka, naye akaangukia bega. Alipoinuka, mkono wa kushoto ulikuwa unaning'inia. Macho yake yakatua kwenye baiskeli ya Msimamizi.

"Baba Ethel," akasema, "mbona ya kwako ina nati za spana?"

"Ile... niliisahau, Mama Walter."

"Uliisahau vizuri sana. Nipe nipande."

"Ni baiskeli ya Msimamizi, mama."

"Basi Msimamizi akamzalishe Bimdogo."

Hayo ametusimulia Bi Dominika mwenyewe. Bwana Basil husema hakumbuki, na tunamwamini, maana kusahau ndiyo fani yake.

Lakini yaliyofuata watu wa Mnyambe waliyaona kwa macho. Mkunga alipanda baiskeli ya Msimamizi, lakini hakuweza kuiongoza kwa mkono mmoja kwenye mchanga. Bwana Basil akashika tandiko kwa nyuma, akakimbia. Mtu ambaye hatukuwahi kumwona akivuka ua kwa haraka alikimbia katika jua la mchana, akiisukuma baiskeli, akipaza sauti, "Usigeuke, mama, kanyaga!" Aliingia kijijini amepoteza kiatu kimoja, na kaptula nyeupe imekuwa nyekundu kwa vumbi. Bi Dominika alifanya kazi kwa mkono mmoja huku wanawake wakimsaidia, na kabla ya magharibi mtoto akalia.

Jumatatu tukaamriwa kurudisha nati za spana. Msimamizi alituelezea hatari ya nati za masikio kana kwamba sisi ndio tuliozileta. Mahmudu alitoka nje ili asimcheke usoni. Mwalimu Edmund hajaombwa radhi mpaka leo.

Mwezi uliofuata Bimdogo alikuja karakanani na mtoto mgongoni. Akapiga goti: "Shikamoo, baba." Tulingoja hotuba. Bwana Basil akaitikia marahaba, akampokea mtoto. Kisha akatugeuzia mgongo, mtoto amemlalia begani. Kwa mara ya kwanza tulimheshimu bila kuamriwa.

Ahsante kwa siku hiyo, Bwana Basil. Miaka mingine tumekusamehe, isipokuwa Mahmudu, ambaye bado anafikiri. Nenda kapumzike salama, wewe na Mama Ethel. Afya isikupungukie, na mikorosho izae.