Injini ya Mbio kwenye Boti ya Dainess

Kijiwe cha Bangwe kiko pale barabara inapoteremka kwenda mwaloni, boti zinapopakia na kushusha. Ni mabenchi mawili yanayotazamana mbele ya karakana ya Castory, fundi wa injini za boti. Muuza kahawa huweka birika lake katikati, na kabla jua halijachungulia juu ya vilima wameshakaa watatu walewale. Yupo Gervasi, aliyepewa jina la Redio kwa kuwa habari haimpiti wala haiishii kwake. Yupo Feliksi, ambaye baba yake alivuka kutoka Kalemie, naye mpaka leo injini anaiita motere. Na yupo Elikana, fundi cherehani wa soko la Mwanga, aitwaye Nahodha Mkavu, maana anajua kila jambo la ziwani ila hajawahi kupanda hata mtumbwi. Castory mwenyewe hukaa mwisho wa benchi, mikono ina grisi, akisikiliza zaidi kuliko kusema. Alhamisi ile hakutaka hata kusikiliza. Mbele yao, juu ya matairi mawili, ilikuwepo boti ya binti yake Dainess, na kando yake injini iliyoingia jana kutoka Bujumbura.

Haikuwa boti ya kubeba abiria wala dagaa. Ilikuwa bapa, plaiwudi juu ya mbavu nyembamba, na mbele ina mabawa mawili mafupi. Katikati kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja kupiga magoti. Ikishakolea mwendo haikati maji, inapanda juu yake na kugusa kwa ncha tatu tu, yaani mabawa mawili na mkia. Watu wakaibatiza Sinia. Mwaka jana, ikiwa na injini ya Castory ya nguvu za farasi kumi na tano, iliachwa na boti ya vijana wa Ujiji mbele ya umati, na Bangwe ilikuwa haijasahau. Mashindano mengine yalikuwa Jumamosi.

— Arobaini! Gervasi alisema, akiipiga injini kofi kama mtu anayenunua ng'ombe. Ujiji wana ishirini na tano. Jumamosi tunawafunga midomo.

— Tena siyo arobaini ya kubebea mizigo, Feliksi akadakia. Hii ni motere ya mbio. Shemeji yangu alikuwa anawatunzia wazungu fulani kule Bujumbura, wakaondoka wakamwachia. Haina gia. Ukivuta kamba, imeenda.

— Na kurudi nyuma?

— Unarudi nyuma kufuata nini?

Wakacheka. Castory hakucheka.

— Fundi, mbona umekuwa bubu leo? Elikana aliuliza.

— Napima.

— Unapima na nini? Mkononi una kikombe.

Castory alikuwa ameipima tangu alfajiri. Uzito wake haukumsumbua, injini ya mbio ni nyepesi kuliko inavyotazamika. Kilichomsumbua ni msukumo. Ubao wa nyuma unaobeba injini aliuchonga kwa ajili ya kumi na tano, na mbavu za boti vilevile. Aliweka kikombe chini.

— Injini na boti lazima vikubaliane, alisema. Ukiifunga chini sana, propela inazama yote, inasukuma mkia, pua inapanda. Ukiifunga juu sana, propela inakamata hewa, injini inalia bure na boti haiendi. Katikati hapo kuna mahali pake. Bado sijapajua.

— Pua ikipanda kuna ubaya gani? Hata ndege inapanda pua.

— Ndege imetengenezwa iruke. Hii upepo ukiingia chini ya tumbo, inageuzwa kama chapati.

Muuza kahawa akajaza vikombe. Kisha Elikana akajikohoza, na waliomjua wakajua dawa imepatikana.

— Mimi nashona. Gauni likiwa jepesi na hutaki lipeperuke, unatia pindo zito. Wekeni mawe puani.

— Mawe, Nahodha?

— Basi mfuko wa mchanga.

— Halafu Dainess anashindana na boti au na lori la kokoto? Gervasi alimkata. Dawa ni matundu. Unatoboa pua. Upepo unaingia chini, unatokea juu, unaenda zake.

— Na maji?

— Maji yataingiaje na boti iko juu ya maji?

— Hapana, iko hivi, Feliksi alisema, akisogeza makalio mpaka ukingoni mwa benchi. Nyinyi munafikiri kidogo kidogo. Tunafunga motere mbili. Hii ya mbio, na ile kumi na tano ya fundi. Moja inasukuma, ingine inashikilia.

— Inashikilia nini?

— Inashikilia ile ingine!

— Sasa kama ni hivyo, Elikana alisema, na macho yakamng'aa, kwa nini msiweke na bawa la tatu, huku nyuma, juu? Ikitaka kuruka, mwacheni aruke. Atakunywa chai Kalemie, arudi adhuhuri tukiwa bado hapa.

— Wakimwona Kalemie watasema ni yao, Gervasi alisema. Tuandike BANGWE chini ya tumbo, herufi kubwa, wasome akipita.

Kicheko kikafika mpaka mwaloni. Castory aliwatazama, akaona wanampenda binti yake kwa namna yao. Dainess walikuwa wamemwona akikua humo karakanani. Sasa alikuwa mwanamke mzima, kazi yake kupeleka abiria vijiji vya kusini kwa boti, na hakukuwa na mtu Bangwe mwenye mkono mwepesi wa kuendesha kuliko wake. Kila jioni kwa msimu mzima wa mvua alikuwa akiipiga msasa Sinia. Usiku uliopita baba yake alimwambia kwamba anaogopa. Dainess hakubishana. Alisema, "Baba, ukikataa nitaelewa." Castory angepata nafuu kama binti angebishana.

Wakati huo Agnesi, mama yake Dainess, alikuwa anapanda kutoka mwaloni na beseni la dagaa kichwani. Kwa kawaida hupita na salamu tu. Siku hiyo alisimama.

— Mwakeye, aliwaamkia.

— Mwakeye, mama Dainess.

Alitua beseni. Akaizunguka Sinia, akaigusa kwa ncha za vidole, akaitazama injini.

— Ndiyo hii?

— Ndiyo yenyewe, mama, Feliksi alisema. Motere ya wazungu.

— Itakuwa na kasi kuliko boti zote za hapa?

— Zote! Gervasi alisema. Kutoka hapa mpaka Uvira, hakuna ya kuifikia.

— Hakuna ya kuifikia.

— Hakuna.

— Sasa ikipinduka, mwanangu mtamfikia na nini?

Feliksi akatazama viatu vyake. Muuza kahawa aliyekuwa anamimina alisimamisha birika hewani.

Hakuna aliyelitaja jina la Nehemia. Alikuwa mdogo wake Agnesi. Mtumbwi wake ulipinduliwa na upepo mbele ya mwalo huohuo, mchana kweupe, karibu kiasi kwamba walioko ufukweni waliona rangi ya shati lake. Siku ile boti moja haikuwa na mafuta, nyingine injini yake ilikuwa imefunguliwa. Wanaume walikimbia huku na huku wakitafuta makasia. Nehemia alishikilia mtumbwi, akapunga mkono, akapunga tena. Walipofika walikuta mtumbwi tu. Castory alikuwepo. Gervasi, Feliksi na Elikana walikuwepo. Mambo yote ya ziwani yameshajadiliwa kijiweni pale, isipokuwa hilo.

Agnesi alingoja jibu, tena alingoja kwa adabu. Lilipokosekana akajitwisha beseni lake.

— Haya, kahawa njema, alisema, akaenda.

Kahawa ikapoa vikombeni.

— Ile kumi na tano tuifunge kwenye mtumbwi, Gervasi alisema mwishowe, kwa sauti ambayo haikuwa ya Redio. Imfuate nyuma.

— Itakuwa mbali naye kabla hatujahesabu tatu, Castory alisema.

— Basi tuazime ishirini na tano ya Ujiji.

— Nayo vilevile.

— Basi asiende, Elikana alisema.

Castory alisimama, akaenda kuweka kiganja juu ya ubao wa nyuma wa Sinia. Alipogeuka walishangaa kuona uso wake umelainika kidogo.

— Hatuwezi kumfuata, alisema. Basi tumtangulie. Mitumbwi inakaa njiani kabla hajavuta kamba. Mmoja mwanzo, mmoja kati, mmoja kwenye kona. Popote atakapoangukia, mtu yupo.

— Wazo, Feliksi alisema. Lakini watu wa kukaa humo?

Castory aliwatazama, mmoja baada ya mwingine.

— Mimi sijui kuogelea, Elikana alisema.

— Utavaa jaketi la kuelea.

— Castory. Mimi sijui kuogelea.

— Nimesikia, Elikana.

Ijumaa asubuhi ziwa lilikuwa limelala. Castory alikuwa ameongeza ubao mgumu nyuma ya Sinia na kuipandisha injini mpaka propela ikabaki nusu nje ya maji. Alimvalisha binti yake jaketi na helmeti ya bodaboda, akamfunga mkononi ile kamba fupi ambayo mwendeshaji akirushwa huchomoka na kuzima injini. Alilikagua fundo mara mbili.

Feliksi alikuwa kwenye mtumbwi wa kwanza. Castory na Gervasi walikaa katikati na injini ya kumi na tano. Kwenye kona, mbali kuliko wote, kwa kuwa nafasi ya mwisho iliyobaki ilikuwa kwa mpiga kasia wa huko, alikuwa Elikana, ameshika kingo za mtumbwi kwa mikono yote miwili na macho ameyafumba. Agnesi alisimama ufukweni.

Kwa kuwa injini haikuwa na gia, vijana wawili waliishikilia Sinia wakiwa ndani ya maji mpaka kiunoni. Dainess alivuta kamba. Ilitoka sauti ambayo Bangwe haijawahi kuisikia, kali, kama bati linalopasuliwa bila kuisha, na vijana walipoachia walibaki wamekumbatia hewa. Pua ilipanda, ikasita, ikashuka, na Sinia ikakaa juu ya maji kama vile ziwa limekuwa sakafu. Ilipita karibu na mtumbwi wa Castory, akamwona binti yake ameinama, ametulia kama mtu anayesoma.

Kwenye kona upepo wa ziwani ulikuwa umeanza kuamka. Dainess alipinda vizuri, akanyoosha, akaongeza moto. Pua ilinyanyuka kiganja kimoja. Kisha tumbo lote jeupe la Sinia likaonekana, limesimama wima, na sauti ikakatika.

— Yesu, Gervasi alisema.

Castory alikuwa ameshavuta injini yake mpaka mwisho. Kumi na tano haikuwahi kuwa nzito kama siku ile. Hakuona kichwa, hakuona helmeti. Aliona mtumbwi wa kwenye kona ukiyumba vibaya, na mtu mwenye jaketi la njano ameachia kingo zote mbili na kujitupa nusu ya mwili nje, huku mpiga kasia amemkalia miguu asitumbukie.

— Nimemshika! Elikana alikuwa anapiga kelele. Castory! Nimemshika! Nimemshika!

Na hata Castory alipofika, akamwona Dainess anakohoa maji na kumwambia kwamba yuko salama, Elikana bado alikuwa amekaza vidole kwenye jaketi la binti huyo, akirudia neno lilelile, kwa sauti ndogo sasa, machozi yakimtiririka.

Agnesi aliwapokea ndani ya maji, khanga zikiwa zimelowa mpaka kifuani. Alimfunika binti yake kitenge, akampapasa kichwa, mabega, mbavu, kama anavyokaguliwa mtoto aliyezaliwa. Mdomo ulikuwa umechanika kidogo. Hakukuwa na lingine.

— Baba, Dainess alisema, meno yakigongana. Iliacha maji. Yote. Sikusikia hata injini.

— Pumua kwanza.

— Ubao umekaza vizuri. Ila injini bado iko chini. Ipandishe kidole kimoja, na mimi nipige magoti mbele zaidi. Itakaa.

Kule majini vijana walikuwa wanaivuta Sinia, injini imemeza ziwa. Angeweza kuifungua, kuikausha na kuiwasha kabla ya kesho, hilo lilikuwa ndani ya uwezo wake. Angeweza pia kuchukua shoka. Alimtazama mkewe, akiwa tayari kwa lolote.

Agnesi alikuwa anatazama mitumbwi mitatu iliyopanda mchangani, na wanaume waliokaa pembeni yake, wamelowa.

— Na kesho mtakuwepo tena? aliwauliza.

— Tutakuwepo, mama, Feliksi alisema.

— Palepale?

— Palepale, Elikana alisema.

Agnesi alikaza fundo la kitenge begani mwa binti yake, akamgeukia mumewe.

— Basi umemsikia, alisema. Kidole kimoja.