Mashine Iliyotuita Wapendwa

Bwana asifiwe, wapendwa! Neno hilo "mpendwa" mtalisikia tena katika ushuhuda huu, maana kwa miezi mitano lilinichoma kama kaa la moto. Mimi ni Mama Nekesa wa Mugutha. Wengi mnanijua kwa sura tu, kwa kuwa mimi si msemaji. Nilisoma hadi darasa la nane kule kwetu magharibi, nikaja Ruiru kushona katika kiwanda cha nguo, na hadi leo ninashona. Nikikosea maneno mnisamehe. Lakini sitawadanganya.

Binti yangu Nekesa alisomea ualimu wa chekechea katika chuo kimoja cha Thika. Miaka miwili alitoka asubuhi na rafiki yake Wambui, wakarudi jioni wakiimba nyimbo za watoto wadogo njiani bila aibu. Walimaliza mitihani pamoja. Wakaambiwa matokeo na vyeti vitatoka pamoja, wasubiri. Kabla havijatoka, Nekesa alishikwa na homa ya mapafu. Alilazwa Jumatatu. Ijumaa hakuwa nasi.

Tulimzika Gatuanyaga, kwenye kishamba chetu, penye vumbi na mbuzi wa jirani. Fundi alipomaliza kutia saruji akaniuliza, "Mama, tuandike nini?"

Baba Nekesa akajibu, "Andika Mwalimu Ruth Nekesa."

Nikasema, "Hapana. Hatujaona cheti."

"Mama Nekesa, nani atakuja kukagua huku?"

Sikutaka kuandika juu ya kaburi la mtoto wangu neno ambalo sikujua kama ni kweli. Je, kama alianguka mtihani? Basi fundi akaandika jina, akaacha nafasi mbele yake, upana wa viganja viwili hivi. Akasema nikipata karatasi nimwite. Kila nilipokwenda kung'oa magugu, macho yangu hayakuona jina. Yaliona ile nafasi.

Ndugu zangu, nikaanza kuandika barua pepe. Kuna saiba hapa Ruiru, duka la kompyuta la mzee anayeitwa Kamau, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nilimpa barua iliyomwita Nekesa kujiunga na chuo, na anwani ilikuwa juu yake. Nikamwambia cha kuandika, naye akaandika kwa Kiingereza kizuri. Tukangoja. Wiki iliyofuata tukaandika nyingine. Nilikwenda kila siku yangu ya mapumziko. Barua kumi na moja! Hakuna hata moja iliyojibiwa. Kamau akasema, "Mama, hawa ni kama kisima kirefu. Unatupa jiwe, husikii hata chubwi."

Hapo ndipo shetani aliponipata.

Mama Wambui, mama yake Wambui, nilikuwa nikikaa naye benchi moja kanisani tangu wasichana wetu wakiwa wadogo. Benchi la tatu, upande wa dirisha. Ana kibanda cha sukuma wiki na nyanya. Alhamisi moja katika ushirika wa akina mama akasimama, anatetemeka kwa furaha, simu mkononi.

"Bwana asifiwe! Dada zangu, nimejibiwa! Niliandikia chuo, mimi mwenyewe, kwa simu hii hii. Kabla sijaiweka mezani, ikalia. Wameniita mpendwa! Wakubwa wa chuo, wananiita mimi mpendwa! Na wanasema jambo langu ni muhimu sana kwao!"

Akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nikapiga makofi, ndugu zangu, na huku moyo wangu unachubuka. Barua yake moja! Zangu kumi na moja! Yeye kaitwa mpendwa, mimi hata "wewe" sikuitwa. Nikamuuliza Mungu, kwani barua zangu zilikuwa na harufu mbaya?

Jumapili iliyofuata nilihama benchi. Nikaenda kukaa nyuma karibu na mlango, nikasema nataka hewa. Nikamwona Mama Wambui ametandaza leso yake mahali pangu. Nikasema moyoni, tazameni, sasa anataka benchi zima. Nikaacha kununua kwake. Nilipita kibanda chake nimebeba sukuma ya mtu mwingine, na nikahakikisha ameiona. Aliponiita, "Mama Nekesa, mbona siku hizi unanipita kama matatu iliyojaa?" nilijibu nina haraka. Sikuwa na haraka yoyote.

Na nitasema lililo baya zaidi, kwa sababu niliahidi kutodanganya. Nilipiga magoti nikaomba Mungu afute lile jibu. Niliomba hivyo! Halafu nikienda kazini nilipita kwao, nikaangalia kamba ya nguo. Wambui na Nekesa walikuwa na sketi za chuo zinazofanana, za buluu. Ya Wambui, ambayo bado aliivaa akitoka kutafuta vibarua, ilikuwa inaning'inia pale, inadondoka maji. Nilisimama nikiitazama hadi mbwa wao akaanza kubweka.

Miezi ikapita bila mimi kuandika tena. Siku moja nikarudi kwa Kamau, nikamwambia kwa uchungu kwamba kuna mtu alijibiwa papo hapo na kuitwa mpendwa. Kamau akavua miwani, akacheka mpaka akakohoa.

"Mama, hiyo ni mashine! Inajibu yenyewe. Hata ukiwaandikia neno kuku, itakuita mpendwa. Anwani yetu ndiyo ya zamani. Ngoja."

Akatafuta anwani mpya, akatuma barua yangu ya kumi na mbili. Hakuwa ameinua kidole, kompyuta ikalia. Mpendwa. Asante kwa kutuandikia. Jambo lako ni muhimu sana kwetu. Tutakujibu hivi karibuni.

Ndugu zangu, mngedhani nilihuzunika. Nilifurahi! Nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu. Kumbe Mama Wambui hakujibiwa na mtu yeyote! Alisimama mbele ya watu akamshuhudia Mungu kwa kazi ya mashine! Nikamwambia Kamau anichapishie ile karatasi. Nikaikunja, nikaitia ndani ya Biblia yangu, nami nikaingoja Alhamisi.

Alhamisi ilipofika, wakati wa shuhuda, nikasimama. Mimi ambaye sisimami! Nikasema, "Bwana asifiwe." Wakajibu amina. Nikasema, "Ninamwomba Mama Wambui atusomee tena ile barua aliyojibiwa. Tutiwe nguvu."

Uso wa Mama Wambui ulibadilika. Mwenyekiti wetu, Shosho Wairimu, bibi kizee asiyepitwa na jambo, akamtazama yeye, akanitazama mimi. Mama Wambui akatafuta miwani kwenye mkoba, hakuiona. Akaja hadi nilipo, akanipa simu. "Nisomee wewe, dada yangu. Macho yangu leo hayaoni."

Nikasoma polepole. Mpendwa. Asante kwa kutuandikia. Neno kwa neno ilikuwa kama karatasi iliyo ndani ya Biblia yangu. Nilikuwa nimefungua kinywa kusema, "Dada zangu, hii ni mashine." Lakini kidole changu ni cha mtu asiyezoea simu hizi. Kikateleza, maandishi yakapanda, na chini ya jibu ikatokea barua yake yeye mwenyewe, ile aliyowaandikia. Ilikuwa kwa Kiswahili. Mdomo wangu ulikuwa umeshaanza kusoma, ukaendelea kusoma.

"Kwa wakubwa wa chuo. Ninaomba vyeti vya wasichana wawili. Wa kwanza ni Ruth Nekesa, ambaye amelala. Mama yake ni rafiki yangu, amewaandikia sana. Kaburi limeachwa nafasi. Tafadhali anzeni na cha huyo. Cha pili ni cha Grace Wambui wangu, huyo anaweza kungoja."

Sikufika mwisho. Nilikaa sakafuni, na Biblia ikafunguka, na karatasi yangu ikaanguka mbele yake. Akaiokota. Akaisogeza mbali na macho, akaitambua.

"Unajua basi," akasema. "Wambui aliniambia jioni ile ile niliposhuhudia. Akasema, 'Mum, hiyo ni mashine.' Nikaona haya kurudi kusema. Nilitaka nikuambie kwanza wewe, lakini ulikuwa umehama."

Ndugu zangu, nikalia kilio ambacho sikulia kaburini! Nikawaambia yote, mbele ya wote. Niliwaambia habari ya sukuma wiki. Niliwaambia habari ya maombi yangu. Na ndipo likatoka lile ambalo hata mimi nilikuwa sijalijua. Nikamwambia, "Mama Wambui, sikukuonea wivu wa barua. Nilikuonea wivu wa sketi kwenye kamba. Wako anarudi jioni."

Mama Wambui akakaa sakafuni nami, akaniegemea, hadi Shosho Wairimu akagonga fimbo.

"Ngai, Mungu wangu! Mmemaliza? Basi kesho mwende Thika na miguu yenu. Mashine haiwezi kujibu mtu aliyesimama mbele yake."

Tulikwenda. Katika ofisi ya vyeti tulimkuta kijana mwenye tai, nyuma ya kompyuta. Akauliza bila kuinua macho, "Mliandika imeili?"

"Tuliandika barua pepe nyingi," nikasema.

"Basi ngojeni mjibiwe."

Mama Wambui akaweka viwiko vyote viwili juu ya kaunta. "Kijana wangu, tumechoka kutumwa. Leo imeili imekuja yenyewe. Sisi ndio imeili. Tusome!"

Watu kwenye foleni wakacheka. Kijana naye akacheka kidogo, akainuka. Akatuambia kwamba aliyekuwa akisoma barua zile alihamishwa, na tangu ahame hakuna aliyepewa kazi hiyo. Mashine ilibaki ikiita watu wapendwa peke yake. Akafungua kabati. Vyeti vilikuwemo, vimetiwa sahihi, vimekaa miezi mingi. Akatoa cha Wambui. Akatoa cha Nekesa. Nilisoma kwa mbali: amefaulu. Mtoto wangu alifaulu!

Nikanyoosha mkono. Akakivuta kidogo. "Hiki lazima mwenyewe aje atie sahihi kitabuni."

Mama Wambui akamwambia kwa sauti ya chini kabisa, "Mwenyewe yuko Gatuanyaga, chini ya saruji. Ukitaka twende ukamwite."

Yule kijana alibadilika, ndugu zangu. Alisimama wima kama mtu aliye msibani. Akageuza kitabu upande wangu, akanipa kalamu yake mwenyewe, akasema, "Pole, mama. Andika hapa." Niliandika jina la mtoto wangu kwa mkono wangu.

Jumamosi fundi alikuja na patasi. Mama Wambui na Wambui walikuja nami. Nafasi ilitosha kabisa: Mwalimu. Wambui aliuimba mmoja wa zile nyimbo zao za watoto, mbuzi wakitutazama, na mimi nikaweza kumtazama anavyoimba.

Sitawaambia kwamba wivu umekufa na kuzikwa. Wambui alipopata kazi katika shule moja ya Membley, nilipoona amevaa vizuri anaelekea kazini, wivu ulibisha hodi tena. Lakini sasa naijua sauti yake. Nilikwenda nikamshonea gauni la kazi, na niliposhona pindo nilimwambia Bwana, "Huu hapa, uchukue." Akauchukua. Siku nyingine namwambia mara mbili.

Na chuo? Hadi leo hakuna mtu aliyejibu barua zangu. Siwachukii. Lakini ninawashukuru watu wawili: Mama Wambui, aliyeandika jina la mtoto wangu kabla ya la mtoto wake, na kijana yule aliyeinuka kutoka kitini. Na juu ya wote ninamshukuru Mungu ambaye nilimwandikia maombi mabaya, akayasoma, na hakunijibu nilivyoomba. Haleluya!

Wewe unayenisikia, labda nawe unangoja jibu. Umeandika, umengoja, na jirani yako anashangilia. Mtegemee Bwana, yeye hajahamishwa ofisi. Na kama kuna benchi ulilolihama kwa sababu ya mtu, usingoje aje akuite. Rudi. Mimi nilirudi Jumapili ile baada ya kaburi. Nilimkuta Mama Wambui benchi la tatu, upande wa dirisha, na leso yake imetandazwa mahali pangu kama kawaida. Nilimuuliza kwa nini huitandaza hapo.

Akaikunja, akaiweka mapajani, akasema, "Watu walikuwa wakitaka kukaa. Niliwaambia pana mtu."