Kasigau Apewe Fanuel

Kaeni karibu, wanangu, na wewe Everlyne zima hiyo redio, maana sauti yangu haina tena nguvu ya kushindana na kitu. Derrick, usisimame mlangoni kama mgeni. Hii ni nyumba ya baba yako. Nisikilizeni nikiwa bado na pumzi, kwa kuwa maneno ya marehemu kila mtu huyageuza apendavyo, na mimi Muinde sitaki yangu yageuzwe.

Nyumba hii ya Voi ni ya Everlyne. Shamba la Mwatate mligawane sawa kwa sawa, mpaka ufuate mfereji. Derrick, fungu lako halipunguzwi, kwa sababu mtoto hurithi kwa kuzaliwa, harithi kwa kupendeza. Lakini Kasigau, farasi wangu, apewe Fanuel wa Ronge. Naona mnatazamana. Ngojeni niwaambie sababu.

Nilikuwa mtunza farasi kwenye ranchi, na ilipofungwa mwenyewe akaniachia Kasigau, wakati huo akiwa mdogo na mguu mbovu, nikamtibu hadi akapona. Ndipo Mwalimu Ndila wa Chawia, aliyekuwa amestaafu kufundisha historia, akaja na wazo lake la kuwaiga mashujaa wa Ulaya ya kale: wanaume waliovaa dirii za chuma, wakikimbiziana farasi na kugongana kwa mikuki ya mti isiyo na ncha, mbele ya watu. Mjini walinicheka, wakasema Mkamba mzee amevaa masufuria. Lakini Pasaka ilipofika uwanja ulijaa, na wageni walishuka kwenye treni kutoka Mombasa kuja kututazama. Kwangu mimi haukuwa mchezo. Mwalimu alitufundisha kwamba shujaa hampigi aliyeanguka, hasemi uongo, wala hamwachi mwenzake. Na nilipopiga magoti akaniwekea upanga begani kunitawaza shujaa, niliapa kwa moyo ule ule nilioapa nao kanisani nilipomwoa mama yenu.

Kila shujaa alikuwa na mchukua silaha wake, kama Yonathani katika Biblia. Wangu alikuwa Wambua, mtoto wa dada yangu, niliyemlea humu ndani mkila naye sahani moja. Kazi yake ilikuwa kunifunga dirii na kunipa mkuki, na zaidi ya yote, nikianguka, kukimbia uwanjani anivue chapeo na kuniinua, maana aliyelala ndani ya chuma kile hawezi kuinuka peke yake. Aliapa hivyo nanyi mkisikia.

Pasaka iliyopita nilishindana na Fanuel, akanipata kifuani kwa mkuki, kihalali kabisa, nikaangukia ubavu. Chapeo ikajaa vumbi jekundu, nikakosa pumzi. Kupitia ule ufa wa macho niliona viatu vya Wambua vikija mbio, nikasema moyoni, kijana wangu huyo anakuja. Vikafika karibu na kichwa changu, vikasimama. Kisha vikageuka. Alikwenda akamshika Kasigau hatamu, akampanda, akapokea mkuki mpya, na watu wakashangilia wakidhani ndivyo mambo yalivyopangwa.

Na yalikuwa yamepangwa. Aliyenivua chapeo ni Fanuel, mshindani wangu, ambaye aliruka kutoka kwa farasi wake akaacha ushindi upotee. "Pumua, mzee," aliniambia. "Polepole. Niko hapa." Wambua akazunguka uwanja peke yake, akatangazwa mshindi, na jioni Mwalimu Ndila akamwekea upanga begani, mimi nikiwa nimelazwa hospitalini, mbavu zimevunjika na pafu limetoboka, pafu hili ambalo halijapona hadi leo.

Fadhila ya punda ni mateke. Wambua alipokuja wodini alisema, "Mjomba, Mwalimu aliona umezeeka. Tulikubaliana ukianguka mimi nichukue nafasi, mchezo usikatike. Sikujua umeumia."

"Ulisimama kichwani pangu," nikamwambia.

Nikamuuliza nani mwingine alijua. Akatazama sakafu, akataja jina lako, Derrick.

Nawe nilipokuuliza, hukukana. "Baba, nilijua. Walisema hutaumia." Basi mimi nikiwa bado kitandani, ukaenda kumbebea Wambua ngao. Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo nimeisema mara nyingi kuhusu nyumba za watu.

Sikilizeni. Kuzeeka si aibu. Mngeniambia mezani, "Baba, sasa shuka," ningekasirika, ningenuna, pengine ningesusa chakula, lakini ningeshuka. Mlinyamaza, mkauacha mkuki uniambie.

Wambua akija mazishini, mpokeeni, mpeni chakula ale ashibe, maana ni damu ya dada yangu. Ila jeneza langu asiliguse. Mwalimu Ndila akae na waombolezaji wengine, asihutubu. Fanuel amwongoze Kasigau mbele, kisha aende naye Ronge, na asimpeleke tena mashindanoni.

Derrick, nimejaribu kukusamehe, mwanangu. Sijamaliza. Sitaki kukudanganya.

Everlyne, maji... Inatosha.

Jana daktari aliwaita nje, mkarudi mkitabasamu. Alisema nini? Sikuulizi wewe, Everlyne, namuuliza ndugu yako. Derrick, usimtazame dada yako. Nitazame mimi... Sema kwa sauti, masikio nayo yamechoka.

Kumbe ni leo au kesho.

Haya. Asante, mwanangu. Umeniambia mwenyewe, tena usoni.

Basi shikeni mkono wangu, kila mmoja upande wake. Mungu aliyewavusha wazee wetu kutoka Ukambani wakati wa njaa awatunze... awape mvua kwa wakati wake, na mkizeeka... awape watoto wasiowaogopa. Msigombane. Baraka ya mama yenu na yangu iwe juu yako, Everlyne.

Na wewe... sogea, sikuoni vizuri. Na wewe pia, Derrick. Wewe pia.