Mzee Povu na Kipimo Alichoondoka Nacho

Marehemu, ambaye soko zima lilimwita Mzee Povu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1952, mtoto wa tano wa mshona magunia. Alimaliza darasa la saba mwaka 1967. Hesabu alizipiga kwa kichwa, daftari hakulipenda, na tabia hiyo hakuiacha.

Mwaka 1974 alichoka kubeba mizigo ya watu, akaanza kupika sabuni kwenye pipa moja nyuma ya chumba cha kupanga. Kufikia 1990 alikuwa na karakana yake, masufuria matatu makubwa, wafanyakazi sita, na sabuni ya mche isiyopasuka wala kuchubua mikono. Kuchanganya alichanganya mwenyewe, mlango umefungwa. Wafanyakazi walikaa nje wakipiga soga hadi agonge sufuria mara mbili. Msimamizi wake wa miaka ishirini hakuwahi kuona kostiki, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, ikipimwa.

Alifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1980 na muuza vitambaa wa kibanda cha jirani. Mama yetu anasema mashoga zake walimcheka kwamba anaolewa na moshi, naye akawajibu kuwa angalau mikono ya bwana wake ni misafi. Walijaliwa watoto watatu.

Mwaka 2015 maduka makubwa ya mjini yaliitaka sabuni yake. Sharti lilikuwa moja: kipimo kiandikwe, kikaguliwe, kipewe alama ya ubora. Binti yake mkubwa, anayesoma wasifu huu, aliacha ajira akaja kumsaidia, akamletea fomu. Marehemu aliichukua vizuri tu, akaitumia kumfungia mteja sabuni.

“Nikiandika, wiki ijayo kila mtaa utakuwa na Povu wake,” alisema.

“Na siku ukiondoka, baba?”

“Kwani mna haraka gani na mimi?”

Binti alinuna, akarudi kwenye ajira yake, na kwa miaka minane hakukanyaga pale karakana. Alikuwa na haki ya kukasirika. Hakuwa na haki ya kukasirika miaka minane, na jambo hilo linamuuma leo kuliko msiba wenyewe.

Tarehe 9 Juni 2023 marehemu alipata kiharusi kilichomnyang’anya sauti na mkono wa kulia. Binti alikwenda wodini na daftari. Sasa mzee alitaka. Binti alitaja kiasi, yeye akatikisa kichwa au akakubali kwa macho, na alipokosea sana baba alimkodolea macho kama mwanafunzi mzembe, mpaka wakacheka wote wawili. Kwa wiki tatu walipata mafuta, wakapata maji, wakapata muda wa kukoroga. Ilibaki kostiki. Asubuhi ya tarehe 2 Julai, kabla binti hajafika, marehemu alifariki akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja.

Juzi binti na msimamizi walijaribu kupika kwa kukisia. Sabuni imepasuka yote.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, na wafanyakazi sita waliosimama pale nyuma, wanaotaka kujua kama Jumatatu waje kazini.

Baba, upumzike kwa amani. Ungeweza kusema mapema, nasi tungeweza kurudi kukuuliza.