Mstari Ambao Dada Hakuuitikia

Wazee, shikamooni. Ndugu zangu wa jumuiya, amani iwe kwenu. Nitasema nikiwa nimesimama, ingawa ningependa kujificha nyuma ya kina mama wa kwaya.

Wengi mnanijua kama yule wa kompyuta pale Nkwenda. Niliandika programu ya kuwatumia wafugaji ujumbe siku ya chanjo inapokaribia. Mlinisifu, nami nikavimba kichwa. Mwenzangu wa kazini aliomba aisome kabla haijaanza kutumika. Nikamjibu, "Utaielewa wewe?" Kweli asingeielewa, maana niliiandika ndefu, imesongamana, kila kitu mahali pamoja. Nikaona huo ndio ujuzi.

Kiangazi kilipokolea, dada yangu alihamisha ng'ombe kutoka Kihanga kwenda Kaisho. Siku ya chanjo ikapita, simu yake kimya. Ugonjwa wa chambavu, ule unaovimbisha misuli ya ng'ombe na kuwaua ghafla, ukaingia. Ndama wanne, ndugu zangu, na mtamba aliyempenda kuliko wote. Nilipofika alikuwa amekaa chini, ameshika kamba tupu. Hakunitukana. Bora angenitukana.

Baba yetu akamsifia yule mtamba kwa ushairi, kama tunavyowasifia ng'ombe sisi: mstari mmoja, pumzi moja, kisha anangoja tuitikie "Eee!" ndipo aendelee. Mahali fulani hatukuitikia. Dada akasema, "Baba, umemruka mama wa mtamba." Mzee akarudi nyuma, akausema upya bila kununa. Nililia pale pale. Mzee mzima anasahihishwa mbele za watu, na mimi nilikataa kazi yangu isomwe na mtu mmoja tu!

Nikairudia programu, nikaikata vipande, kila kipande kazi moja, kinachosemeka kwa pumzi moja. Nikamwomba dada anisikilize, nikamsomea kwa Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani, kama shairi: "Aliyehama, mtoe kwenye orodha ya kijiji chake." Akaitikia. "Waliomo kwenye orodha, watumie ujumbe." Kimya. Kisha akauliza, "Na mimi niliyehama, umeniandika wapi?"

Sikuwa nimemwandika popote.

Namshukuru mwenzangu wa kazini, ambaye nilipomrudia baadaye alikubali kusoma kazi yangu bila kinyongo. Namshukuru baba. Namshukuru dada, yule pale, anayenisikiliza kila ninapobadilisha chochote. Nawaambia, ndugu zangu, kazi yako isome kwa sauti mbele ya yule atakayeumia ukikosea. Mimi nilimsomea akiwa ameshaumia.