Waithera wa Kiragu, Mama yake Apondi (1954–2025)

Beatrice Waithera Kiragu alikuwa binti ya Kiragu wa Ngigi, aliyechonga mawe ya kanisa la kwanza la Matasia na jina lake halikuandikwa ukutani. Ngigi naye ndiye aliyefika Ngong na mbegu ya viazi mgongoni, watu wakimwambia hapa viazi haviwezi kumea. Mama yake Waithera alikuwa Wanjira, aliyeshinda kesi ya mpaka wa shamba mbele ya chifu bila kujua kusoma. Na Waithera mwenyewe alishona magunia ya kahawa ya nchi hii, akalisha madereva wa bandari, akalea mtoto. Hilo la mtoto ndilo limeleta maneno katika familia yetu, na mimi Gathoni, dada yake mkubwa, sitalipita haraka.

Wasifu wa kwanza uliandikwa na kamati ya mazishi, chini ya Hillary, mtoto wa marehemu kaka yetu Gitonga. Ulisema Waithera alifanya biashara sehemu mbalimbali na kwamba hakujaliwa mtoto. Nilipomuuliza Hillary sababu, alinijibu polepole, vile watu huongea na shangazi mzee. "Tata, hiyo mambo ya Mombasa tuachane nayo. Watu wa kanisa watakuwa wengi."

Nikamwambia basi aniletee kalamu. Wasifu mnaosoma ni wangu. Lakini mpangilio wa kutia udongo kaburini, ule wa ukurasa wa nyuma, sikuonyeshwa mpaka leo asubuhi. Ufungueni muone. Wanaotangulia ni watoto wa Gitonga. Apondi hayuko.

Waithera alizaliwa Matasia tarehe 14 Machi 1954, mtoto wa tatu, baba akiwa amewekwa kizuizini na wakoloni. Alikuwa na umri wa miaka miwili baba aliporudi, na wanasema alimkatalia mlangoni, akamwambia hapa ni kwa mama.

Alisoma Matasia mpaka darasa la saba, mwaka wa 1968, akapita mtihani vizuri kuliko Gitonga. Gitonga mwenyewe alikuwa akikubali hivyo akiwa na furaha. Lakini karo ilikuwa ya mtu mmoja, na mvulana alikuwa ameshaanza sekondari. Waithera akabaki nyumbani. Gitonga akirudi Ijumaa, yeye ndiye alifua shati la shule, na shati likikauka kwenye ua, alikuwa amekaa chini yake anasoma vitabu vya kaka yake.

Mwaka wa 1974 alipanda treni akashuka Mombasa. Siku hizo msichana wa huku akishuka Mombasa, midomo ya Matasia ilikuwa imeshamaliza kesi: ameenda kwa mabaharia. Waithera alikuwa Shimanzi, ndani ya bohari, amekaa chini na sindano kubwa ya gunia na uzi wa katani, anashona magunia ya kahawa yaliyoraruliwa na ndoano za makuli. Vumbi la kahawa lilimpa kikohozi ambacho hakikumwacha. Na hiyo kahawa ilitoka kwa nani? Ilitoka huku juu, kwa watu hawa hawa waliokuwa wakimtukana. Hema hili, viti hivi, gari lililomleta kutoka mochari, suti za kamati, vyote vilishuka pale bandarini, vikapakuliwa na watu waliomaliza mgongo wao. Mali ikitoka Mombasa tunaikimbilia. Mtu wetu akienda kufanya kazi huko, ati amepotea.

Hakupotea. Alikaa Majengo, chumba cha nyuma kwa Bi Mwanahawa, mjane Mwislamu aliyemfundisha kukuna nazi na kumkataza kutoka nje kabla hajakula kitu. Mwezi wa Ramadhani Waithera alikula chumbani kwake kimya kimya kwa heshima, na Krismasi Bi Mwanahawa alimpikia pilau. Alirudi likizo akisalimia watu salamu ndefu, habari za tangu juzi, za watoto, za mifugo. Gitonga akacheka, akamuuliza kama anauza kitu.

"Kule watu husalimiana kwanza," Waithera akamwambia. "Nyinyi mtu akifika mlangoni mnamuuliza amebeba nini."

Mwaka wa 1979 aliolewa na Maweu, kuli wa Kilindini, mtu wa Machakos. Maweu alikuja Matasia na wazee wake, akaleta mbuzi, akala na baba, na harusi ikafanywa kanisani mchana watu wakiona. Malaria ilimchukua mwaka wa 1986. Hawakujaliwa mtoto wa tumbo. Hilo ni kweli na halikuwa siri.

Kule bohari, aliyekuwa akikaa karibu naye kushona alikuwa mama yake Apondi. Huyo mama alifariki mwaka wa 1988, msichana wake akiwa na miaka mitatu. Watu wake wakatafutwa mpaka kwao upande wa ziwa, hakuna aliyekuja. Waithera alimbeba mtoto kutoka mazishini akaenda naye nyumbani, na kutoka siku hiyo Majengo yote ikamwita Mama Apondi.

Habari ilipofika Matasia, mkasema amemzaa na baharia. Mlisema hivyo kwenye harusi, mkasema kwenye matanga ya mama yetu, mtoto mwenyewe akiwa amesimama hapo na sahani mkononi. Miaka hiyo yote Apondi alikuwa damu ya Waithera, kwa sababu ilikuwa ya kumwaibisha. Sasa Waithera amekufa, ameacha kiwanja kilicho na lango, mnasema Apondi si wake. Chagueni moja.

Makontena yalipojaa bandarini, magunia ya kushona yakaisha, bohari ikawafukuza. Waithera akafungua kibanda cha chakula Changamwe, mahali malori yalipanga foleni kungoja mzigo. Alipika githeri ya nazi, mahindi na maharagwe ndani ya tui. Madereva wa kutoka Kiambu walilalamika kwamba ameharibu chakula chao, halafu wakarudisha sahani waongezwe. Watoto wa Gitonga walikula likizo zao kwenye kibanda hicho. Hillary alilala kitanda cha Apondi, Apondi akalala kwa mkeka. Hakuna aliyeuliza mambo ya damu wakati huo.

Makontena yalipoanza kupanda treni moja kwa moja kuja huku juu, foleni ya malori ikakatika na kibanda kikabaki na wenyewe. Mwaka wa 2019 Waithera alifunga, akahamia hapa Kitengela, kwenye kiwanja chake upande wa Yukos, na Apondi pamoja na watoto wake.

Figo zilianza kumsumbua mwaka wa 2022. Aliyempeleka kusafishwa damu, akamngoja, akamrudisha, akamwosha, ni Apondi. Nalangu, jirani yake Mmaasai, alileta maziwa kila asubuhi. Sisi wengine tulileta pole kwa simu. Waithera alifariki nyumbani kwake Jumatano tarehe 13 Agosti 2025, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mtoto wake.

Marehemu alikuwa mke wa marehemu Maweu, na dada ya marehemu Gitonga, na yangu mimi Gathoni. Ameacha mtoto mmoja, Apondi. Ameacha wajukuu wawili, Waithera mdogo na Maweu mdogo. Aliyewapa majina hayo ni Apondi, kwa desturi ya watu wetu ya kurithisha majina ya babu na nyanya, bila kufundishwa na mtu wa hapa. Ameacha watoto wa kaka yake, Hillary na ndugu zake. Mungu ampe pumziko ambalo sisi tulimnyima.

Kuna neno moja limebaki. Jumapili kabla ya kufariki tulikuwa watatu chumbani, mimi, Nalangu na Apondi. Nalangu yuko hapa, muulizeni. Waithera alikuwa ameijua kamati yake kabla haijaitwa. Alimwambia Apondi amsogelee, akamshika kitambaa cha kichwa, akamwambia hivi:

"Siku ya kunizika watasoma majina, na lako halitakuwa. Usilie na usibishane na mtu. Wakimaliza kusoma maisha yangu, wewe shika watoto mkono, uende mbele, uanze udongo. Usingoje mtu akuite."

Nimemaliza kusoma.